Siku Baba Mkwe Aliponikimbia

Nasema ukweli wangu: Ezron aliponiambia baba yake amekubali kuniona, nilimrukia shingoni mchana kweupe, barazani kwa Shamsia, mbele ya wanawake watatu waliokuwa wamejikinga mvua pale. Wakatazamana. Mmoja akaguna. Sikujali hata chembe.

"Amesemaje? Niambie maneno yenyewe, usipunguze."

"Amesema uje Jumapili tukitoka kanisani. Atakaa na wewe sebuleni, mtazamane usoni, mzungumze Kiswahili."

"Uso kwa uso! Dada Shamsia, umesikia?"

"Nimesikia, mdogo wangu. Mtaa mzima wa Ibighi umesikia," Shamsia akajibu kutoka ndani ya duka lake la kanga. "Mwachie kijana shingo yake, bado anaihitaji."

Ezron hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake vilivyojaa tope. Ningekuwa na akili zangu siku ile ningemuuliza kulikoni. Lakini nilikuwa nimependa, jamani, na nilisikia nilichotaka kusikia.

Miezi kumi na minne tulikuwa tumeingoja siku hiyo. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi wodi ya akina mama, hospitali ya Makandana. Kwetu ni Mbinga. Ezron ni wa hapa hapa Rungwe, kijana wa Masoko, karani wa kampuni moja ya watu binafsi iliyokuja kununua kahawa biashara ilipoachiwa huru. Mrefu, mpole, na akitabasamu upande mmoja wa mdomo unatangulia. Upande huo ndio ulionimaliza.

Sasa kampuni ilikuwa inamhamishia Dar es Salaam. Aondoke Jumatano. Alitaka nimfuate kama mke wake, na mimi nilikuwa nimemwambia wazi: bila baraka za wazazi wake, siendi popote. Mama yangu aliolewa na baba bila kukubaliwa. Baba alipofariki, ndugu zake walitutoa kwenye ile nyumba kabla ya arobaini. Nilikuwa na miaka tisa, nimebeba sufuria kichwani. Mtu aliyebeba ile sufuria harudii kosa lile, hata kwa tabasamu la Ezron.

Na baba yake, Mzee Ambwene, hakutaka mwanamke wa mbali. Sababu yake ilikuwa Meshaki, kaka yake Ezron, aliyeoa huko Dar. Mkewe ni mwanamke mzuri, ana heshima zake, lakini kila Krismasi anakuja Masoko akiwa hana neno hata moja la kuzungumza na mama mkwe. Wajukuu nao ni hivyo hivyo. Bibi anawasemesha, wao wanacheka na kukimbilia kwa mama yao. Mzee Ambwene alikuwa ameapa kwamba nyumba yake haitapata bubu wa pili.

"Nimekuletea kitu," Ezron akasema. Akatoa kwenye koti kaseti mbili na kitabu chenye jalada jekundu. "Kiingereza cha ofisini. Dar sasa hivi hospitali za watu binafsi zinafunguliwa kila mtaa. Ukijieleza vizuri, wanakuchukua siku hiyo hiyo."

"Asante, mpenzi. Nitazisikiliza."

"Uzisikilize kweli, Feli. Jioni zako zote unashinda hapa kwa dada Shamsia, sijui mnafanya nini."

Shamsia akakohoa, kikohozi kikavu cha uongo, akajifunika mdomo kwa kanga.

Tulichokuwa tunafanya kilikuwa siri yetu wawili. Karibu mwaka mzima, nikitoka kazini, nilikuwa nakaa nyuma ya marobota ya kanga na Shamsia ananifundisha Kinyakyusa. Babu yake alikuja na vitambaa kutoka Kilwa, yeye kazaliwa hapa, na ukifumba macho akiongea Kinyakyusa utadhani amelelewa migombani. "Kiswahili cha Kilwa kinanipa sifa," alizoea kusema. "Kinyakyusa kinanipa wateja." Alinifundisha kama alivyojifunza, kisokoni: kichwa juu, sauti juu, macho kwenye macho ya mtu. "Ukiinamisha uso, mdogo wangu, wanadhani kitambaa kimetoboka."

Kilichonisukuma ni bibi mmoja wa kitanda namba nne. Aliletwa kutoka milimani, hana ndugu karibu, na kila nikimuuliza kwa Kiswahili anaumwa wapi, ananitabasamia. Siku tatu ananitabasamia tu, mpaka alipokuja mpwa wake ndipo tukajua alikuwa anaumwa mgongo kiasi cha kushindwa kugeuka. Nilikuwa na dawa, nilikuwa na sindano, nilikuwa na Kiingereza cha kwenye majalada. Sikuwa na neno moja la kumuuliza amelalaje. Nililia chooni, nikaenda moja kwa moja kwa Shamsia.

Ezron sikumwambia. Mwanzoni mwa mapenzi yetu nilimjaribia salamu moja, akacheka mpaka akashika mbavu. "Feli, Kinyakyusa cha nini tena? Dunia imefunguka, sisi tunakimbia kutoka migombani, wewe ndiyo unaingia!" Hakuwa na nia mbaya. Lakini iliniuma, nikafunga mdomo.

Sasa nikamuuliza, kaseti zikiwa mkononi, "Na mama yako nitaongea naye kwa hizi?"

"Mama nitakutafsiria mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote. Kwani tutaishi Masoko? Tutakuja Krismasi, siku nne, tunarudi. Lugha ya siku nne kwa mwaka mtu anajifunza ya nini? Kiswahili kinatupeleka Tanzania nzima, Kiingereza kinatupeleka kwenye mshahara. Zaidi ya hapo ni kujichosha bure. Nambie kama nasema uongo."

"Husemi uongo. Kiingereza nakitaka, na hizi kaseti nitazimaliza. Lakini wewe unahesabu lugha kama nauli, Ezron. Inakupeleka wapi, inakupeleka wapi! Mimi naangalia nani atanifungulia mlango nikifika."

"Maneno matamu hayo. Maisha ya sasa hayaendi hivyo."

Shamsia akashindwa kuvumilia. Akatoka nje na mkasi wake mkononi. "Ezron, hebu nikuulize. Hizo siku nne za Krismasi, mama yako ana nyingine za kuwaona wanawe?"

"Hapana, dada."

"Basi ndizo zake zote. Usiziite nne kwa dharau."

Mvua ilikuwa inapiga bati, ile mvua yetu ya Tukuyu isiyo na haraka ya kwenda popote. Ezron akanisogelea, akanifunga kifungo cha juu cha sweta polepole, vidole vikikawia shingoni kuliko kazi ya kifungo. Macho yake yalikuwa na huzuni ambayo sikuielewa.

"Jumapili, hata baba aseme nini," akaninong'oneza, "mimi nakupenda. Unasikia?"

"Nasikia."

"Hata aseme nini, Feli."

Jumapili tukateremka Masoko kwa pikipiki ya kampuni, nimemkumbatia kiunoni, shavu langu mgongoni kwake. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu na kitenge kipya, zawadi ya Shamsia. Njia nzima nilikuwa narudia maneno yangu kimoyomoyo. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikahofia Ezron atausikia kupitia koti.

Mama Tusekile, mama yake, alitupokea uani. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuona mbali. Alinishika mikono yote miwili, akaniangalia mimi, akamwangalia mwanawe, kisha akatazama chini.

"Kalibu, mgeni," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, naye aliyatoa kwa uangalifu.

Nilitaka kumjibu palepale kwa lugha yake. Nikajizuia. Maneno yangu nilikuwa nimemwekea mzee.

Alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha mbao, kofia yake ya pama gotini, koti la suti la zamani limefungwa vifungo vyote. Nilipoingia mlango wa mbele alinitazama moja kwa moja usoni. Alinitazama vizuri, bila haraka, kama mtu anayemtazama afisa aliyetumwa kutoka wilayani. Uso wake ulikuwa mpana, na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Nikafurahi mno. Nikasema moyoni, mzee huyu hana makuu, watu wamemsingizia.

"Kalibu, mgeni," akasema. "Kaa kwenye kiti kile. Habali ya safali?"

"Nzuri, baba. Shikamoo."

"Malahaba. Tumefulahi kupata mgeni. Mgeni atakunywa maziwa, atakula, halafu Ezloni atamludisha mgeni mjini mapema."

Mgeni, mgeni, mgeni. Nilisikia adabu tupu. Pembeni yangu Ezron alikuwa ameinama, viwiko magotini, na Mama Tusekile amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa mgando, hakai wala hatoki.

Nikaona hapa ndipo. Nikashuka kitini, nikapiga magoti kwenye mkeka mbele ya mzee. Nikainua kichwa kama Shamsia alivyonifundisha, macho kwenye macho yake, na sauti ya kutosha kusikika hadi shambani.

"Mugonile, tata," nikasema, yaani umelalaje, baba.

Mzee akashtuka.

Sikusimama hapo. Nilikuwa nimefanya mazoezi mwaka mzima, nani wa kunisimamisha? Kwa Kinyakyusa chake mwenyewe nikamwambia naitwa Felista, baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mama yangu yuko Mbinga na anafahamu nilipo. Nikamwambia nauguza mama zao na bibi zao. Nikamwambia nampenda mwanawe, na kwamba sikuja kumchukua, nimekuja kuomba mama wa nyumba hii anifundishe yaliyobaki, kwa sababu yaliyobaki ni mengi.

Nilikuwa bado nasema alipochukua kofia gotini akajifunika nayo uso mzima. Akasimama. Akanigeuzia mgongo. Akaenda kwa kupapasa ukuta hadi mlango wa nyuma, akapiga kigoda teke bila kukiona, maziwa yaliyokuwa yamewekwa juu yake yakamwagika mkekani hadi kwenye magoti yangu. Mlango ukafunguka, ukajibamiza. Nikasikia viatu vyake vikikimbia. Wallahi, kama asemavyo Shamsia, mzee wa miaka sabini alikuwa anakimbia kwenye mvua kuelekea migombani.

Nikabaki nimepiga magoti kwenye maziwa.

Ezron akaruka kutoka kitini. "Umefanya nini, Feli? Nani alikufundisha? Nani?"

"Nilitaka ajue kwamba..."

"Ungesema Kiswahili tu! Kiswahili tu, basi! Angekaa, angekula na wewe, tungeondoka salama. Sasa ona! Nilikwambia lugha hii haina faida, nilikwambia!"

Hapo machozi yakaja yenyewe. Nikaona sufuria ya mama yangu, nikaona Jumatano, basi linaondoka, na mimi nimebaki stendi na kaseti mbili. Mwaka mzima wa jioni zangu, na kazi yote niliyoifanya ni kumfukuza mzee kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Nirudishe mjini," nikamwambia.

Ndipo nikasikia mtu anacheka. Mama Tusekile alikuwa ameweka kibuyu chini, ameshika kiuno, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Halafu akapiga kigelegele kimoja, kirefu, kilichonisimamisha nywele.

Akamgeukia mwanawe na kumwambia kitu kwa ukali. Ezron akafungua mdomo anitafsirie.

"Acha," nikamwambia. "Nimeelewa. Amekwambia ukae kimya, mpumbavu wewe."

Mama akacheka tena. Akaja akakaa mkekani karibu yangu, maziwa na yote, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akaanza kusema nami kwa Kinyakyusa, taratibu, akinisubiri kila nikikwama.

"Mke wa Meshaki amekuja hapa Krismasi saba," akasema. "Mzee anakaa naye pale pale, anamtazama usoni, wanakula meza moja. Hajamkimbia hata siku moja. Unajua kwa nini?"

"Sijui, mama."

"Kwa sababu ni mgeni. Mgeni unamtazama. Mke wa mwanao humtazami, naye hakutazami. Akipita njia hii, wewe unapita ile. Akiwa ndani, wewe uko nje. Mimi baba yake huyu mzee sikuona uso wake mpaka wanamzika. Ndiyo heshima yetu. Leo mzee alikuwa amekaa kwenye kile kiti akutazame vizuri, akunyweshe maziwa, akurudishe mjini. Alikuwa anakukataa, mwanangu. Na huyu," akamnyooshea Ezron kidole, "alijua."

Nikamtazama Ezron. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia.

"Nilijua," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani mkizungumza vizuri atalegea. Na nilidhani mambo hayo ni ya zamani, hayana haja ya kukuumiza. Nisamehe, Feli."

"Kisha ukasema lugha yake," Mama Tusekile akaendelea, kama vile mwanawe ni kigoda, "ukamtajia baba yako na mama yako, ukaniomba mimi nikufundishe. Angebakije? Mtu wa nje hasemi hivyo. Ulivyomkazia macho ni kosa kubwa, hilo mtalilipia kwa jogoo mwekundu. Nani alikufundisha kutumbua macho hivyo?"

"Muuza kanga wa Ibighi, mama."

"Ah! Nilijua ni mtu wa sokoni!"

Mvua ikaongezeka. Kutoka migombani ikasikika sauti ya mzee, ya hasira kidogo, na yenye kutetemeka kwa baridi. Alikuwa anamwita mkewe kwa Kinyakyusa, lakini kwa sauti kubwa mno kwa mtu aliyekuwa hatua kumi tu.

"Mama Tusekile! Nalowa hapa! Mwambie mkwe akae nyuma ya pazia la jikoni, nipite nikavae koti la mvua! Na mwambie amesema vizuri! Isipokuwa macho!"

Ezron akageuka kwangu. "Baba anasema—"

Mimi nilikuwa nimeshafika jikoni. Nikajibanza nyuma ya pazia, mgongo ukutani, mkono mdomoni nisije nikacheka au kulia kwa nguvu. Nikasikia mlango, viatu vyenye maji, mzee akipumua. Alisimama kidogo upande wa pili wa pazia. Hakusema nami, haruhusiwi. Alikohoa tu, akapita.

Uso wa baba mkwe wangu niliuona mara ile moja. Amenilelea wanangu, amenitetea mbele za watu, amempa binti yangu mbuzi wake wa kwanza. Lakini ukiniuliza anafananaje, nitakwambia kovu juu ya nyusi ya kushoto, koti la suti, na macho ya mtu aliyekuwa anakusudia kunikataa. Siku hizi nakijua kikohozi chake kuliko sauti za watu wengi ninaowatazama usoni.

Tulikula mimi na mama jikoni, ndizi zilizopikwa na maharage, mikono yetu kwenye sahani moja. Alinisahihisha kila sentensi. Sikuwa nimewahi kusahihishwa nikafurahi hivyo.

Kurudi, pikipiki ilikwama kwenye tope la mlimani, tukawa tunaisukuma wawili. Shati lilikuwa limemganda Ezron mgongoni, tope hadi magotini.

"Feli."

"Sema."

"Nimemsikiliza mama leo. Kupitia ukuta. Mimi ni mwanawe, na sijamsikia akiongea na mtu muda mrefu hivyo tangu niko mdogo." Akasimama, ameshika usukani kwa mikono yote miwili. "Anavyocheka! Mimi nimezaliwa na lugha ile bure, sikuilipia kitu, nikaiona takataka. Wewe umeitafuta mwaka mzima nyuma ya marobota, umechoka na kazi. Na mimi nakuletea kaseti."

"Kaseti nazitaka. Usizichukue."

Akacheka, upande mmoja wa mdomo ukitangulia, na mimi nikajiona nimekwisha upya. Akaniangalia kwa muda mrefu, mvua inamtiririka puani.

"Mama yako kule Mbinga," akasema, "anajua Kiswahili?"

"Anajua sana. Amefundisha shule ya msingi miaka ishirini."

"Sikuuliza vizuri." Akafuta uso kwa mkono wenye tope, akauchafua zaidi. "Nimeuliza, kwa lugha ya kwenu, asubuhi, mkwe anamsalimiaje?"

Nikamwambia.

Akajaribu. Akakosea vibaya sana, na sikucheka hata kidogo. Nikamwambia tena.